Siti ya mama kwenye treni ya Japani

Dada yangu alijifungua wiki tatu kabla ya tarehe aliyopewa kliniki. Ndiyo maana asubuhi ya Desemba 29, 2023 mimi na mama tulikuwa Tokyo, tumetoka kwenye ndege usiku uliopita, tunatakiwa kufika Kyoto kabla ya saa kumi jioni, na hatuna siti kwenye treni.

Tiketi zetu za ndege zilikuwa za Januari. Tulipanga tufike mapema, mama apumzike, azoee baridi, ndipo mtoto azaliwe. Mtoto hakuulizwa. Usiku wa Krismasi shemeji alipiga simu kwamba chupa imepasuka, na kesho yake nilikuwa kwa wakala nabadilisha tarehe kwa bei ambayo siiandiki hapa kwa sababu baba husoma ukurasa huu.

Dada bado alikuwa wodini. Japani mama aliyejifungua salama hukaa hospitali kama siku tano, si kama huku kwetu ambako wengi wanarudi nyumbani kesho yake. Hospitali aliyokuwapo iliruhusu bibi wa mtoto aingie kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi. Tukichelewa, hadi kesho. Mama alishasema hilo la kesho halipo.

Sasa, mwisho wa mwaka Wajapani nao wana "kwenda Moshi" yao. Miji mikubwa inamwaga watu, kila mtu anarudi kwa wazazi wake na mabegi na zawadi. Treni ya kwenda Kyoto ni Shinkansen, ile ya kasi inayotoka Tokyo kwenda Osaka tangu mwaka 1964. Kwenye njia hiyo zipo za aina tatu: Nozomi inayosimama vituo vichache, Hikari inayosimama zaidi kidogo, na Kodama inayosimama kila kituo.

Siku za kawaida baadhi ya mabehewa huwa na siti zisizo na majina ya watu, wanaziita jiyuseki, yaani siti huru. Unakata tiketi, unapanda, aliyewahi ndiye anayekaa. Majira yale ndiyo yalikuwa ya kwanza Nozomi zote kufanywa za siti zilizokatwa kabla katika siku za mwisho wa mwaka. Ukiwa na tiketi ya siti huru unaweza kuipanda, ila utasimama karibu na mlango mpaka ufike. Hikari na Kodama zilibaki na mabehewa ya siti huru.

Kwenye mashine ya tiketi nilitafuta siti mbili zenye namba. Zilizokuwapo zilikuwa za jioni. Na hapa niseme ukweli, kwa sababu mama amenikumbusha mara nyingi: shemeji alinitumia ujumbe nikiwa bado Dar, nikate siti kwa simu mapema. Niliona tofauti ya bei kutoka Tokyo hadi Kyoto, nikajisemea tutakaa tu huko huko. Nilikuwa nimeshachoshwa na bei za ndege. Nilibana mahali pasipobanwa.

Kutoka uwanja wa Haneda, njia rahisi ni kwenda kituo cha Shinagawa na kupandia Shinkansen hapo. Ndivyo shemeji alivyoelekeza. Lakini Shinagawa ni kituo cha pili. Treni inaanzia Tokyo, na siku kama ile inafika Shinagawa imeshajaa. Mtu aliyekulia Dar es Salaam hahitaji kufundishwa jambo hili. Jioni ukitaka kukaa kwenye daladala la Mbagala huligojei katikati ya njia; unalifuata linakogeuzia, unageuza nalo. Nikamwambia mama, tunarudi nyuma, tunakwenda kugeuza. Akacheka, wa kwanza tangu Dar.

Kutoka Shinagawa hadi Tokyo ni dakika kumi na kitu kwa treni ya kawaida ya mjini. Tulisimama karibu na viti vya kipaumbele, vile vya mwisho wa behewa vilivyowekewa wazee, wajawazito, walemavu na wenye watoto wadogo. Japani walianza navyo Septemba 15, 1973, Siku ya Kuwaheshimu Wazee, na wakati huo vilikuwa vya wazee na walemavu. Kijana mmoja mwenye vipokea sauti masikioni akamwona mama, akainuka bila neno, akasogea mlangoni na kutupa mgongo. Nimesikia wengi hufanya hivyo ili unayempisha asione aibu.

Mama hakukaa.

"Kaa, mama."

"Nimeonekana nachechemea?"

"Umeonekana mtu mzima."

"Basi mtu mzima anasimama."

Mama yangu ana miaka 63, presha ya miaka tisa, na goti la kushoto linalotangaza mvua kabla ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kiti kikabaki kitupu hadi Tokyo. Kijana hakukirudia, na hakuna mwingine aliyekikalia. Mama naye akawa anakiangalia kwa jicho la pembeni.

Shinkansen za kuelekea Osaka zinaondokea majukwaa namba 14 hadi 19. Chini, sakafuni, pamechorwa namba ya behewa na mahali mlango utakapotua, na mlango hutua hapo hapo. Watu wanajipanga nyuma ya alama. Hakuna kusukumana, hakuna wa kupitisha begi dirishani. Maana yake ni kwamba ujanja wote unafanyika kabla treni haijafika; baada ya hapo huna la kufanya.

Hikari ina mabehewa 16, na ya siti huru ni la 1 hadi la 5. Hayalingani. La 1 lina siti 65, la 3 lina 85, la 5 lina 90, lakini la 2 na la 4 yana siti 100 kila moja. Sababu ni vyoo, ambavyo viko kwenye mabehewa ya 1, 3 na 5. Nilichagua la 4: siti nyingi, na choo hatua chache tu ukivuka mlango. Kila behewa lina milango miwili, kwa hiyo kila foleni ina siti kama 50 za kugombea. Nikaanza kuhesabu vichwa. Nilipofika 60 niliacha.

Nikamwambia mama, hii tunaiacha.

Alinitazama kama niliyechanganyikiwa. Treni imesimama, inakwenda anakokwenda, mjukuu yuko mwisho wa reli, na mwanawe msomi anasema tuiache ipite. Lakini Hikari zilikuwa mbili kwa saa, safari ni kama saa mbili na dakika arobaini, na ilikuwa bado saa tatu asubuhi. Nusu saa tulikuwa nayo. Kusimama saa mbili na nusu na lile goti hatukuwa nako.

Hikari iliyofuata iliondokea jukwaa jingine, tukateremka kwa lifti na kupanda upya. Tukawa wa tisa na wa kumi. Nilimwomba mama akakae kwenye benchi mimi nishike foleni. Akakataa. Dakika kumi baadaye alikalia kibegi chake, akasema anakilinda.

Treni ilipoingia, abiria walishuka, milango ikafungwa tena mbele ya pua zetu. Wafanya usafi wakapita behewa zima, wakazigeuza siti zote zitazame mbele. Kisha milango ikafunguka na foleni ikaingia kwa mwendo wa watu wanaokwenda kupokea komunyo.

Upande mmoja wa njia kuna siti tatu, A, B na C. Upande wa pili mbili, D na E. Tulipata D na E. Mama dirishani, mimi njiani. Mabegi mawili makubwa tulishayatuma kwa kampuni ya kusafirisha mizigo tangu uwanjani, maana begi ambalo urefu, upana na kina chake vikijumlishwa vinazidi sentimita 160 unatakiwa kulikatia siti yenye nafasi yake. Tulibaki na mkoba wangu na kibegi cha mama chenye pilipili manga, tangawizi ya unga, unga wa uji na kanga mbili za mzazi. Nilijiona mshindi. Nikapiga picha nikamtumia shemeji.

Shin-Yokohama ni kama dakika ishirini kutoka Tokyo. Hapo wakaingia wengi, na njia ya katikati ikajaa. Pembeni yangu akasimama mama kijana, mtoto wa miezi michache kambeba kifuani, mkononi ana kigari kilichokunjwa. Hakumwangalia mtu yeyote. Nami niseme, kwa sekunde chache niliangalia simu yangu. Siti ile nilikuwa nimeihangaikia.

Mama akasema, "Nipishe nimpishe."

"Wewe kaa. Mimi naamka."

Lakini alikuwa ameshanyanyuka. Treni ndiyo inaanza kuondoka. Alishika kiti cha mbele, akafumba macho, mwili ukalegea, akaniangukia begani. Haikuwa goti. Mkono wake ulikuwa wa baridi na mdomo umekauka mpaka ngozi inachanika.

Nikamkalisha. Nikafungua mkoba wake kutafuta maji na kuikuta chupa ya juzi, ile niliyomnunulia tulipobadilisha ndege, kizibo hakijaguswa. Chini yake kuna kikopo cha dawa chenye vyumba vya siku, nilichompa mwenyewe baada ya kuandika makala kuhusu wagonjwa wanaosahau dozi. Vidonge vya presha vya kila siku alikuwa amekunywa. Vile vidogo vyeupe, vya kupunguza maji mwilini, vilikuwapo vyote. Siku tatu.

"Mama, hivi vipi?"

Akageukia dirisha. "Hivyo vinanipeleka chooni kila saa."

"Kwa hiyo umeviacha?"

"Kwenye ndege nilikuwa katikati ya watu wawili wamelala, niwaamshe mara ngapi? Na hapa unasema siti ni ya atakayewahi. Nikitoka je?"

Kila wiki naandika kwenye gazeti hili kuhusu presha. Nimehoji madaktari, nimeandika kwamba wapo wagonjwa wanaoacha dawa ya maji siku ya safari kwa sababu ya choo, na wanaoacha na maji yenyewe ya kunywa ili wasibanwe njiani. Niliwaandika kama watu wa mbali. Mwanamke huyu alilala kitanda cha pili kutoka changu usiku ule na sikumuuliza hata swali moja. Nilimuuliza kuhusu pasipoti.

Na kipimo cha presha? Nilikuwa nacho. Kilikuwa ndani ya begi kubwa, na begi kubwa lilikuwa kwenye lori.

Nilimpa maji kidogo kidogo. Kidonge sikumpa palepale, maana mtu aliyekaukiwa hivyo ukimpa dawa ya kutoa maji bila kumpima unaweza kumwongezea kizunguzungu. Nilihesabu mapigo ya mkono wake kwa dakika nzima, nikahesabu tena. Yule mama kijana alikuwa akitazama yote haya. Nilimwashiria akae kwenye siti yangu. Alikataa mara mbili kwa kichwa, mara ya tatu nikasimama njiani kabisa ndipo akakaa, akainamisha kichwa karibu na magoti.

Kwa hiyo wakakaa wao, mimi nikasimama hadi Nagoya. Sikuumia; baada ya ndege ile miguu yangu iliihitaji. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2007 kwamba safari ya kukaa saa nne au zaidi huongeza karibu mara mbili uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa, ingawa wanaopatwa bado ni wachache. Nilikuwa na mpango wa kumtembeza mama njiani kila baada ya muda. Mipango nilikuwa nayo mingi.

Mtoto alikuwa macho, anamkodolea bibi mgeni. Mama akamnyoshea kidole, akakishika. Mama yake akafungua mfuko, akatoa machenza madogo mawili, akampa. Mama akamenya moja, akala kipande kimoja kimoja taratibu, na rangi ikaanza kurudi usoni. Hakuna aliyejua neno la lugha ya mwenzake. Upande wa dirisha letu ulipita mlima Fuji, najua kwa sababu watu waliinua simu. Mimi nilikuwa naangalia kama mama ameacha kutoka jasho.

Baada ya muda aliniambia, kwa sauti ya kuagiza, "Nipeleke chooni." Tukaenda. Kofia yake ya sufu tuliiacha kwenye siti. Tuliporudi ilikuwa pale pale, na behewa limejaa watu waliosimama.

Tulifika hospitali saa tisa kasorobo. Muuguzi alimpima mama kabla hajamshika mjukuu: 168 kwa 97. Jioni shemeji alimpigia daktari wa mama Dar. Hakugomba. Alisema angeulizwa kabla ya safari angempangia saa ya kunywa kile kidonge, kikafanya kazi yake mama akiwa mahali penye choo, na kwamba wagonjwa wake karibu wote hawaulizi. Akaelekeza aanze tena asubuhi, anywe maji, apimwe kila siku. Ndani ya wiki ilishuka.

Kwenye begi la dada, wodini, kulikuwa na beji ya duara inaning'inia, picha ya mama na mtoto ndani ya moyo wa rangi ya waridi. Wizara ya Afya ya Japani iliianzisha mwaka 2006. Mjamzito hupewa pamoja na kitabu chake cha kliniki. Maneno yake, onaka ni akachan ga imasu, maana yake tumboni kuna mtoto. Inasaidia hasa miezi mitatu ya mwanzo, tumbo halijaonekana lakini kichefuchefu ndiyo kimeshika. Dada alisema kuna siku aliigeuza nyuma ya begi isionekane. "Unajisikia kama unadai," alisema. Mama aliisikia hiyo akiwa amembeba mtoto, akanyamaza.

Dada alinipa na mengine ya wenye watoto, nayaweka hapa kwa atakayesafiri. Mtoto wa mwaka 1 hadi 5 halipiwi nauli, wawili kwa kila mtu mzima, na aliye chini ya mwaka hahesabiwi. Kwenye siti huru akikuta kiti kitupu anakaa. Kwenye siti za kukata, ukitaka awe na kiti chake, unalipa nauli ya mtoto, nusu ya mkubwa. Behewa la 11 la Shinkansen hiyo lina chumba kidogo ambacho mama anaweza kunyonyeshea kama hakina mtu, ila hufungwa, unamwomba mfanyakazi wa treni. Na kama unasafiri siku zao za sikukuu, mwisho wa mwaka, mwanzoni mwa Mei au katikati ya Agosti, lipa hiyo tofauti ya bei.

Mimi nilirudi kazini baada ya siku kumi. Mama alibaki hadi arobaini ya mtoto ilipotimia. Shemeji anasema wiki ya kwanza kwenye mabasi ya Kyoto alisimama kila akipishwa, wiki ya pili alikaa akilalamika goti la shemeji linafaa kukaa pia, na wiki ya tatu alikuwa akipanda anaelekea moja kwa moja kwenye viti vya wazee.

Februari shemeji alimsindikiza hadi Tokyo. Safari hiyo siti zenye namba zilikuwapo tele, nikamtumia hela akate. Mama akakataa, akasema hela hiyo amnunulie mtoto soksi, yeye anajua kupanga foleni. Nilikuwa ofisini ujumbe wake wa sauti ulipoingia, nyuma yake mlio wa treni.

"Nimepata dirishani, behewa la nne," alisema. "Kidonge nimekunywa, chooni nimeshakwenda mara mbili, na kofia yangu hawajaiba. Mwambie na baba yako. Haya, nalala."